Kufungua Mita ya Gari Bila Kuiharibu: Somo Tulilolilipia



Mara nyingi katika kurasa hizi tunaeleza habari za visima, miche ya miti na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tunaomba tuzungumze juu ya kitu kidogo kilichopo mbele ya usukani, ambacho wengi wetu hukitazama kila siku bila kukifikiria. Ni mita ya gari: lile kasha moja lenye mshale wa spidi, namba za kilomita, mshale wa mafuta, mshale wa joto la injini na taa za tahadhari. Mafundi wengine huiita saa, wengine huiita dashibodi. Hapa tutaiita mita.

Tunaandika kwa sababu sharika kadhaa sasa zina gari, na nyingine zinatumia gari la mradi kwa zamu. Gari hilo likiharibika mita, uamuzi wa nani aifungue na kwa namna gani hufanywa na kamati, au na dereva akiwa peke yake barabarani. Sisi tuliufanya uamuzi huo vibaya, na gharama yake ilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani.

Ilivyotokea kwetu

Gari letu la mradi ni pikapu ya zamani ya dizeli, yenye giaboksi ya kawaida na mita inayoendeshwa na kebo. Miaka michache iliyopita dereva alikuja ofisini akasema, "Mratibu, mshale wa spidi umelala tangu jana, na kilomita hazisogei." Tulikuwa na safari ya kupeleka mabomba siku inayofuata. Tukamwambia apite kwa fundi yeyote wa karibu.

Fundi aliyepatikana alimwambia, "Bosi, hiyo ni kazi ya dakika tano." Alichomeka bisibisi bapa pembeni mwa fremu ya dashibodi akaikandamiza hadi ikatoka. Kulikuwa na skrubu moja juu ambayo hakuiona. Fremu ilipasuka kwenye tundu la skrubu hiyo na klipu mbili zikakatika. Kisha akaivuta mita kwa nguvu ikiwa bado imeshikwa na kebo na plagi kwa nyuma. Alipoirudisha, mshale wa spidi ulikuwa bado umelala, na mshale wa joto nao haukupanda tena.

Dereva alitueleza juu ya mshale wa joto. Tunakiri kwamba tulimjibu, "Gari si linatembea? Tutalishughulikia baada ya mabomba." Hilo ndilo kosa letu, wala si la fundi.

Wiki chache baadaye, gari likiwa limebeba mabomba na linapanda mlima, mpira wa maji ya rejeta ulipasuka. Maji yalimwagika, injini ikachemka, na dereva hakuwa na mshale wa kumwonya. Alitambua pale tu gari lilipopungua nguvu na moshi mweupe kutokea. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua na silinda hedi yenyewe imepinda. Gari lilikaa gereji wiki tatu, na usharika uliokuwa umeshachimba mtaro wa mabomba kwa nguvu za wananchi ulisubiri hadi mvua ikaufukia sehemu mtaro ule.

Mwisho wa robo mwaka likaja jambo la pili. Tulikuwa na stakabadhi zote za mafuta, lakini kitabu cha safari hakikuwa na kilomita, kwa kuwa namba zilikuwa zimesimama. Mfadhili aliuliza kwa upole: mafuta haya yalitembeza gari umbali gani? Tulijibu ukweli, kwamba hatukuwa na kipimo. Sehemu ya gharama ile tulilazimika kuibeba wenyewe kutoka mfuko wa dayosisi.

Mita ilikuwa nzima

Baada ya hapo tulimwendea mwalimu mmoja mstaafu aliyefundisha ufundi wa magari kwa miaka mingi. Kabla ya kugusa dashibodi, aliingia chini ya gari na kufungua kebo ya spidi pale inapoungana na giaboksi. Waya wa ndani ya kebo ulikuwa umekatika kule chini, sentimita chache tu kutoka kwenye ncha. Mita yenyewe ilikuwa nzima siku ile ya kwanza. Hapakuwa na haja ya kuifungua hata kidogo.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, kweli kuna sababu ya kuifungua? Mwalimu alitufundisha kutambua hivi:

1. Mshale wa spidi na namba za kilomita vikisimama pamoja, kwenye magari ya kebo anza na kebo, kuanzia kwenye giaboksi. Kwenye magari mapya yasiyo na kebo, anza na sensa ya spidi na waya zake.
2. Mshale wa spidi ukichezacheza au ukitoa mlio wa kukwaruza, mara nyingi kebo imekauka grisi au imepindwa mno mahali fulani.
3. Mshale wa mafuta peke yake ukidanganya, mara nyingi tatizo liko kwenye boya ndani ya tangi au kwenye waya wake.
4. Mshale wa joto ukikaa chini daima, tazama kwanza kama waya haujachomoka kwenye sensa ya injini.
5. Mshale wa mafuta na wa joto ikidanganya yote miwili kwa pamoja, angalia fyuzi na waya wa ardhi. Vikiwa vizima, hapo mita inaweza kuwa na kosa, kwa maana kwenye magari mengi ya zamani mishale hiyo hupata umeme kupitia kifaa kimoja kidogo kinachosawazisha umeme nyuma ya mita.
6. Taa za mita zikizimika zote, anza na fyuzi. Ikizimika moja, ni balbu, na hapo mita itafunguliwa.

Katika mambo hayo sita, mengi huanzia nje ya mita. Fundi anayeanza kwa kung'oa dashibodi kabla ya kupima anafaa kuulizwa anatafuta nini.

Kilicho nyuma ya mita

Kwetu, mara ya pili ilibidi ifunguliwe, ili kurekebisha kilichoharibiwa mara ya kwanza. Mwalimu alituonyesha kwa nini kuvuta kwa nguvu ni hatari. Nyuma ya mita za magari ya aina hii umeme haupiti kwenye nyaya nene. Unapita kwenye karatasi nyembamba ya plastiki yenye njia za shaba zilizochapwa juu yake, nyembamba kama mstari wa kalamu. Plagi inashikana na karatasi hiyo. Plagi ikivutwa upande, karatasi inachanika na njia moja ya shaba inakatika. Hivyo ndivyo mshale wetu wa joto ulivyokufa: ufa mdogo usiozidi ukucha, uliosababisha injini kufunguliwa.

Tena kuna kebo. Ni fupi, na imefungwa kwenye mita kwa klipu ya kubonyeza au kwa nati ya kuzungusha. Ndani yake kuna waya wenye ncha ya pembe nne unaoingia kwenye tundu dogo. Mita ikivutwa kabla kebo haijafunguliwa, ama shingo ya mita inavunjika, ama kebo inapindwa na kuanza kukwaruza.

Hatua kwa hatua

Magari hutofautiana, na kitabu cha gari husika ndicho kinachoamua. Hata hivyo utaratibu ufuatao unafaa kwa pikapu na jipu nyingi za zamani tunazotumia vijijini. Vifaa ni vichache: bisibisi ya nyota fupi na ndefu, spana namba 10, tochi, kitambaa safi, kipande cha plastiki au mti laini kilichochongwa bapa, selotepu na trei ya mayai.

1. Andika kilomita. Kabla ya kitu chochote, dereva na fundi wasome namba pamoja, ziandikwe kwenye kitabu cha safari na kusainiwa na wote wawili. Piga picha kwa simu. Washa swichi bila kuwasha injini, na piga picha nyingine ya taa za tahadhari zinazowaka, ili baadaye mjue zipi zilikuwa nzima.

2. Ondoa umeme. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, ufunguo utolewe. Fungua kichwa hasi cha betri kwa spana. Kama gari lina mfuko wa hewa kwenye usukani, subiri. Toyota huagiza angalau sekunde 90 baada ya kufungua betri kabla ya kufanya kazi karibu na mfuko huo. Kwenye magari mengine redio huomba namba ya siri betri ikirudishwa, kwa hiyo namba hiyo iwe imeandikwa kabla.

3. Shusha usukani hadi chini kama unashuka, na funika shingo yake kwa kitambaa. Kioo cha mita ni plastiki, na kikikwaruzwa hakirudi kama kilivyokuwa.

4. Tafuta skrubu zote za fremu. Kwa kawaida ziko juu, chini ya ule ukingo uliochomoza kama ukingo wa kofia, na huwezi kuziona umekaa wima. Inama, mulika kwa tochi. Nyingine hufichwa nyuma ya vifuniko vidogo au kando ya swichi. Fremu ikigoma kutoka, tafuta skrubu iliyobaki. Hapa ndipo fundi wetu wa kwanza alipokosea.

5. Toa fremu kwa vidole. Vuta karibu na kila klipu, moja baada ya nyingine, ukisaidiwa na kile kipande cha plastiki. Usitumie bisibisi ya chuma. Plastiki iliyopigwa na jua miaka mingi huwa kavu, na wakati wa baridi huvunjika upesi zaidi. Sisi tunaoishi nyanda za juu tusifanye kazi hii asubuhi ya umande. Tungoje jua lipashe gari joto.

6. Chomoa swichi zilizo kwenye fremu. Bandika selotepu kwenye kila plagi na uandike namba yake.

7. Fungua skrubu za mita, ambazo mara nyingi ni tatu au nne. Kila skrubu iwekwe kwenye tundu lake la trei ya mayai kwa mpangilio ilivyotoka. Skrubu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi inaweza kutoboa kitu kwa nyuma.

8. Sogeza mita vidole vitatu tu, kisha simama. Ingiza mkono nyuma, papasa kebo, bonyeza klipu yake au zungusha nati. Kama kebo ni fupi mno, mtu wa pili ailegeze kule kwenye giaboksi au aisukume kidogo kupitia ukuta ulio kati ya injini na chumba cha dereva, ipate kulegea. Hatua hii inahitaji watu wawili na uvumilivu.

9. Chomoa plagi. Bonyeza kufuli yake kwa kidole gumba, shika mwili wa plagi, vuta moja kwa moja. Usivute nyaya, wala usitikise plagi upande kwa upande. Weka alama.

10. Laza mita kwenye kitambaa safi kama ilivyokaa garini. Usiilaze kifudifudi, usiguse mishale, na usifungue kioo bila sababu. Mshale ukisukumwa kwa kidole, hata kidogo, utasoma uongo kuanzia siku hiyo.

Kwa upande wetu mwalimu aliunganisha ule ufa kwa uzi mwembamba wa shaba, akaulehemu kwa joto dogo na kwa haraka ili plastiki isiyeyuke. Balbu mbili zilizoungua zilibadilishwa hapo hapo. Zinatoka kwa kuzungushwa robo tu. Kebo mpya ilipakwa grisi kidogo. Kazi yote ilichukua nusu siku.

Kurudisha, na kupima kabla ya kufunika

Watu wengi hufunika fremu kwanza na kupima baadaye, kisha hulazimika kufungua tena. Fuateni kinyume chake. Rudisha plagi, bana kebo hadi isikike "ka!", funga skrubu za mita, halafu unganisha betri. Washa swichi na linganisha taa na ile picha ya mwanzo. Washa injini: taa ya oili na ya chaji zizimike. Tembeza gari mwendo mfupi, uone spidi inapanda na kilomita zinasogea. Acha injini ipate moto, uone mshale wa joto unapanda na kutulia. Yote yakiwa sawa, ndipo fremu irudishwe.

Tunaongeza onyo moja. Gari lisiendeshwe likiwa halina mita, hata kwa safari ya karibu. Mbali na dereva kukosa spidi na tahadhari, kwenye magari mengi ya zamani umeme wa kuamsha altaneta hupitia taa ya chaji iliyoko kwenye mita. Mita ikiwa mezani kwa fundi, betri inaweza kuwa haichajiwi.

Mita ikibadilishwa

Wakati mwingine mita haitengenezeki, na inabidi kununua iliyotumika kutoka kwa wauza vipuri. Mita hiyo itakuja na kilomita za gari lingine. Hapa uaminifu wetu unapimwa, kwa sababu kurudisha namba nyuma au kuzinyamazia ni udanganyifu, hata kama hakuna aliyekusudia mabaya.

Njia yake ni rahisi. Tuseme mita ya zamani ilisimama kwenye km 214,630, na iliyowekwa inasoma km 98,400. Tofauti ni km 116,230. Tofauti hiyo iandikwe ukurasa wa mbele wa kitabu cha safari, pamoja na tarehe, sababu, jina la fundi na saini ya mwenyekiti wa kamati, na nakala ya stakabadhi ibandikwe. Tangu siku hiyo, kilomita halisi za gari ni zile zinazosomeka ukijumlisha 116,230. Kama sevisi ilikuwa ifanyike kwenye km 217,000, sasa itafanyika mita ikisoma km 100,770. Kamati isiyoandika hivyo itasahau oili, au itashindwa kumjibu mkaguzi.

Na ikiwa namba zimesimama lakini gari ni lazima litembee kwa dharura, kama kupeleka mgonjwa, dereva aandike mahali alipotoka, alipofika, saa, na lita alizoweka. Hiyo si badala ya mita, lakini ni afadhali kuliko ukurasa mtupu. Gari likitumia lita 60 kwa km 480, tunajua linakwenda km 8 kwa lita moja, na siku matumizi yakipanda ghafla tutauliza kama ni injini, ni mzigo au ni jambo lingine. Bila kilomita swali hilo haliwezi hata kuulizwa.

Maswali matano kwa kamati

Tunashauri kila kamati yenye gari ijiulize haya katika kikao kijacho:

1. Je, mishale na taa zote za gari letu zinafanya kazi leo? Nani amezitazama?
2. Dereva akitoa taarifa ya kasoro, nani anaipokea, na anajibu ndani ya siku ngapi?
3. Tumemchagua fundi wetu kabla ya tatizo, au tunangoja tatizo lituchagulie?
4. Fundi akifika, anapima kwanza au anang'oa kwanza?
5. Kitabu cha safari kina kilomita za kuanza na kumaliza kwa kila safari, bila pengo?

Kwa marafiki wanaotuchangia kutoka mbali, tunajua kwamba fedha za matengenezo ya gari hazivutii kama picha ya mtoto akiteka maji. Lakini maji yale yalifika kwa gari, na mabomba yale yalichelewa kwa sababu ya ufa mdogo kwenye karatasi ya plastiki. Mnapoona katika bajeti mstari wa "matengenezo na sevisi", tunaomba mjue kwamba ndani yake mna nusu siku ya fundi mwangalifu, ambayo hugharimu kidogo sana ukilinganisha na silinda hedi.

Dereva wetu sasa ana ruhusa ya kulisimamisha gari mshale wowote ukilala, bila kusubiri kibali cha ofisi. Amekwisha kuitumia mara mbili. Mara zote mbili tulichelewa kikao, na hatukumlaumu.